Dawa za kutuliza kinga zikilinganishwa: ipi hupandisha sukari, ipi mafuta ya damu, ipi uzito na presha

Mtu mwenye baridi yabisi ya rumatoidi, lupasi au soriasisi ya viungo akianzishiwa dawa za kutuliza kinga, kwanza huuliza kama maumivu yataisha. Baadaye, suruali zikianza kubana au mashine ya sukari ikisoma 13 mmol/l mchana, huja swali la pili: dawa hii inaufanya nini mwili mzima? Hapa tunazilinganisha dawa zinazotumika zaidi kwa mambo manne: sukari, mafuta ya damu, uzito na presha. Ini, figo na mifupa tutavigusa pale panapolazimu. Dozi zilizotajwa ni za kawaida za watu wazima, ili uweze kuzungumza na daktari wako ukijua unachouliza. Hakuna kati ya dawa hizi inayoanzwa, kuongezwa au kuachwa kwa uamuzi wa nyumbani.

Msimamo wetu ni kwamba kwa wagonjwa wengi chaguo zito haliko kati ya dawa mpya hii na ile. Liko kwenye namna ya kuondoka kwenye prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, mapema na kwa usalama, na dawa nyingine yoyote ipimwe kwanza kwa jinsi inavyosaidia kufika huko.

Kabla ya dawa, ugonjwa

Uvimbe wa muda mrefu hauishii kwenye viungo. Kemikali mbili za kinga, TNF na interlukini-6, huzifanya misuli na ini zisiitikie insulini ipasavyo. Ndiyo maana mgonjwa mwembamba, asiye na historia ya kisukari kwenye ukoo, anaweza kukutwa na sukari iliyopanda kidogo kabla hajameza kidonge hata kimoja. Dawa inayozima uvimbe bila kuleta madhara yake yenyewe inaweza kuishusha sukari hiyo.

Kwenye mafuta mambo huenda kinyume na matarajio. Baridi yabisi ya rumatoidi ikiwaka, kolesteroli hushuka, LDL (ile mbaya) na HDL (ile nzuri) pamoja, kwa sababu mwili huitumia na kuiondoa kwenye damu kwa kasi, na wakati huohuo hatari ya mshtuko wa moyo huwa juu. Ugonjwa ukitulizwa, kolesteroli hurudi juu. Kwa hiyo kipimo cha mafuta kilichochukuliwa vidole vikiwa vimevimba hakifai kuwa msingi wa kulinganisha, na kipimo cha baadaye kilichopanda si lazima kiwe dalili ya sumu ya dawa. EULAR, umoja wa wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya, unashauri mafuta yapimwe ugonjwa ukiwa umetulia, na hatari ya moyo iliyokokotolewa kwa mgonjwa wa rumatoidi izidishwe kwa 1.5 kama kikokotoo chenyewe hakihesabu ugonjwa huo.

| Dawa | Sukari | Mafuta ya damu | Uzito | Presha |
|---|---|---|---|---|
| Prednisoloni | hupanda, hasa mchana na jioni | hupanda | hupanda | hupanda |
| Hidroksiklorokwini | hushuka kidogo | LDL hushuka | vilevile | vilevile |
| Metotreksati | vilevile au hushuka kidogo | hupanda kidogo ugonjwa ukitulia | vilevile | vilevile |
| Salfasalazini | vilevile | vilevile | vilevile | vilevile |
| Leflunomaidi | vilevile | vilevile | hushuka kwa baadhi | hupanda |
| Vizuizi vya TNF | hushuka kidogo | hupanda kidogo, HDL pia | hupanda kidogo | vilevile |
| Tosilizumabu | hushuka kidogo | LDL na trigliseridi hupanda wazi | hupanda kidogo | yaweza kupanda |
| Tofasitinibu | vilevile | LDL na HDL hupanda wazi | hupanda kidogo | yaweza kupanda |
| Siklosporini | hupanda kidogo | LDL hupanda wazi | vilevile | hupanda sana |
| Takrolimasi | hupanda wazi | hupanda kidogo | vilevile | hupanda |
| Mikofenoleti, azathioprini | vilevile | vilevile | vilevile | vilevile |

Jedwali hili linaonyesha mwelekeo tu. Ukubwa wa badiliko hutegemea dozi, umri, unene na kama mtu alikuwa ukingoni mwa kisukari tangu awali.

Prednisoloni

Inafanya kazi ndani ya siku moja au mbili, ipo karibu kila duka la dawa, na bei yake ni ndogo. Hakuna nyingine kwenye orodha yenye sifa zote tatu, na ndiyo sababu watu hukaa nayo miaka.

Kwenye sukari hufanya mambo matatu kwa pamoja: huliamuru ini litengeneze glukosi, huizuia misuli kuipokea, na huibana kongosho isitoe insulini ya kutosha baada ya mlo. Ikimezwa saa 2 asubuhi, sukari huanza kupanda kuelekea adhuhuri, hufika kileleni kati ya alasiri na jioni, kisha hushuka usiku. Hapo ndipo kliniki nyingi hukosea: hupima sukari ya asubuhi kabla ya kula, huikuta 5.4, na mgonjwa hurudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Pima saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni. Ikisoma 11.1 mmol/l au zaidi uko kwenye kiwango cha kisukari. Ikipita 12, kipimo kimoja kwa siku hakitoshi tena, anza kupima mara nne na mpigie daktari. Anayegawa dozi, nusu asubuhi na nusu jioni, atakuta hata sukari ya alfajiri imepanda.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hakifai kwa wiki za mwanzo kwa sababu bado kinabeba hali ya kabla ya dawa. Pia hudanganya kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe nyekundu zake zinavunjika, jambo linalotokea kwenye lupasi na kwa wanaotumia salfasalazini wakiwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Kwa hao namba mara nyingi husoma chini kuliko ukweli.

Hesabu ya nguvu ni muhimu kwa sababu steroidi hubadilishwa-badilishwa madukani. Prednisoloni miligramu 5 ni sawa na haidrokotisoni 20, methiliprednisoloni 4, au deksamethasoni 0.75. Kwa hiyo deksamethasoni miligramu 4, ambayo kwa macho ni dozi ndogo, inazidi prednisoloni 25. Nayo hukaa mwilini zaidi ya siku moja na nusu, hivyo usiku hauleti nafuu ya sukari kama ilivyo kwa prednisoloni ya asubuhi. Sindano ya steroidi ndani ya goti inaweza kuipandisha sukari kwa siku mbili hadi tano, wakati mwingine hadi wiki. Dripu ya methiliprednisoloni ya gramu 1, inayotolewa kwa siku tatu lupasi ikishambulia figo, ni sawa na vidonge 250 vya prednisoloni vya miligramu 5 kwa siku. Sukari ipimwe kila siku ya dripu hata kwa asiye na kisukari.

Sukari ikipanda, metfomini kwa kawaida ndiyo ya kwanza, mradi figo zinachuja zaidi ya mililita 30 kwa dakika. Kama kilele cha mchana kinaendelea, glikilazidi ya asubuhi huendana vizuri na mkondo wa prednisoloni. Glibenklamidi haiendani nao: inadumu muda mrefu, na prednisoloni ikiisha nguvu usiku, mgonjwa anaweza kuamka saa 9 usiku akitetemeka na jasho jingi. Pioglitazoni nayo tungeiepuka, kwa sababu huongeza maji mwilini na kudhoofisha mifupa, mambo ambayo steroidi tayari inayafanya. Ikihitajika insulini, ile ya NPH yenye rangi ya maziwa ikichomwa asubuhi pamoja na prednisoloni hupanda na kushuka sambamba nayo. Kanuni inayotumika hospitali nyingi ni uniti 0.1 kwa kilo kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, isizidi 0.4 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anayetumia miligramu 20 huanza na takriban uniti 12. Sharti lake ni kwamba prednisoloni ikishuka, insulini ishuke siku hiyohiyo. Wagonjwa wengi huzimia wiki ya kupunguziwa steroidi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kupunguza insulini.

Kwenye chakula, sahani ya mchana ndiyo ya kupunguzwa wanga kwanza. Ugali au wali wa ukubwa wa ngumi moja, nusu ya sahani mboga za majani, kisha maharage, dagaa au samaki. Juisi na soda za alasiri hukutana na kilele chenyewe. Chumvi nayo ipunguzwe, maana steroidi huishikilia. Kwa wanaofunga Ramadhani, prednisoloni ya daku hupeleka kilele kwenye saa za kiu, na ile ya futari hukutana na tende, uji na tambi kwa wakati mmoja, tena hukimbiza usingizi. Mpango huo upangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, na mwenye dozi kubwa au insulini huenda akashauriwa asifunge.

Uzito hupanda kwa njia mbili. Hamu ya kula huongezeka ndani ya siku chache, na mafuta huhama kutoka mikononi na mapajani kwenda tumboni, usoni na nyuma ya shingo. Misuli ya mapaja hudhoofika, kiasi kwamba mtu hushindwa kuinuka kitini bila kushika meza. Mizani haionyeshi hilo. Pima kiuno kwa futikamba kila mwezi.

Mifupa hupoteza uimara zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, si baada ya miaka. Mwongozo wa chama cha Marekani cha magonjwa ya viungo, ACR, wa 2022 unawahusu wote wanaotumia miligramu 2.5 au zaidi kwa siku kwa zaidi ya miezi mitatu: kalsiamu miligramu 1000 hadi 1200 kwa siku kwa kujumlisha chakula na vidonge, na vitamini D uniti 600 hadi 800.

Lengo la dozi limeendelea kushushwa. Mwaka 2019 EULAR ilisema mgonjwa wa lupasi asizidi miligramu 7.5 kwa siku kwa muda mrefu. Mwaka 2023 ikashusha hadi 5 au chini, na ikiwezekana kuacha kabisa. Kwa rumatoidi, mapendekezo ya 2022 yanataka steroidi iwe daraja tu la kungojea dawa nyingine zianze kufanya kazi, iondolewe ikiwezekana ndani ya miezi mitatu.

Kuiondoa kuna utaratibu wake. Baada ya wiki tatu hivi za matumizi, tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala. Ukikata ghafla utapata uchovu mkali, kichefuchefu, kizunguzungu, presha na sukari kushuka. Mpango wa kawaida hushuka kwa miligramu 5 kila wiki moja au mbili hadi kufika 20, kisha kwa 2.5 hadi kufika 10, kisha kwa 1 kila wiki nne. Vidonge vingi madukani ni vya 5, hivyo hatua za mwisho husumbua. Njia mojawapo ni kupishana siku, leo 5 kesho 2.5, kabla ya kukaa 2.5 kila siku.

Dawa mbili zinazotumika sana Afrika Mashariki huibadilisha steroidi. Rifampisini ya kifua kikuu huimaliza haraka, na dozi iliyotosha huanza kutotosha. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya michanganyiko ya dawa za VVU, hufanya kinyume: huizuia isiondoke mwilini, na hata sindano moja ya triamsinoloni ya goti inaweza kuleta uso wa mviringo, sukari ya juu na tezi kulala kwa wiki kadhaa. Mtajie daktari wa viungo dawa zako zote, hata zile ambazo hupendi zijulikane.

Hidroksiklorokwini na metotreksati

Kwa upande wa metaboli, hidroksiklorokwini ndiyo pekee kwenye jedwali inayosogeza namba mbili kwa mwelekeo mzuri. Hupunguza kasi ya insulini kuvunjwa na hushusha LDL kidogo. Nchini India imeruhusiwa kama dawa ya nyongeza ya kisukari cha aina ya pili. Kwa mgonjwa wa lupasi hakuna sababu ya kimetaboli ya kutokuwa nayo. Inachelewa, ngojea miezi miwili hadi mitatu, na kwa rumatoidi kali haitoshi peke yake.

Dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito halisi kwa siku. Kidonge ni 200. Mtu wa kilo 80 anapata viwili. Wa kilo 60 anapata 300, yaani kimoja leo na viwili kesho. Kumpa kila mtu viwili bila kumpima ndiko kunakoharibu retina ya wembamba. Macho yapimwe mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia wa tano, mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Klorokwini ya kawaida haichukui nafasi yake miligramu kwa miligramu. Kikomo chake ni kama 2.3 kwa kilo, na kwa macho ni kali zaidi. Anayetumia insulini au glibenklamidi aongeze kupima sukari wiki za mwanzo, kwani inaweza kushuka mno.

Metotreksati haina faida kubwa ya moja kwa moja kwenye sukari wala mafuta. Jaribio la CIRT la Marekani na Kanada, lililochapishwa 2019, liliwapa watu 4,786 waliowahi kuugua mishipa ya moyo, wenye kisukari au mkusanyiko wa dalili za kimetaboli (kiuno kikubwa, presha, sukari na mafuta kwa pamoja), dozi ya miligramu 15 hadi 20 kwa wiki au kidonge bandia. Haikupunguza mshtuko wa moyo. Lakini hao hawakuwa wagonjwa wa rumatoidi wenye uvimbe mkali. Kwa mwenye rumatoidi, thamani yake ya kimetaboli ni kwamba inaruhusu prednisoloni kuondoka.

Shida yake iko kwenye ini. Mnene, mwenye kisukari au mnywaji wa pombe mara nyingi ana ini lenye mafuta tayari, na metotreksati huongeza mzigo. Ni ya MARA MOJA KWA WIKI. Dozi ya 15 ni vidonge sita vya 2.5 siku moja, na asidi ya foliki miligramu 5 siku nyingine ya wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Andika jina la siku kwenye boksi. Usichanganye na kotrimoksazoli, dawa inayotolewa sana kwa maambukizi na kama kinga kwa watu wenye VVU, kwani zote mbili huzuia foliki na uboho wa mifupa unaweza kuacha kutengeneza damu. Picha kamili ya damu, vimeng'enya vya ini na kreatinini (kipimo cha figo) vipimwe kila wiki mbili hadi nne kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila wiki nane hadi kumi na mbili.

Salfasalazini haina mengi ya kusema upande huu. Leflunomaidi hupunguza uzito kwa baadhi ya watu, jambo linalowafurahisha wasiojua kwamba hupandisha presha pia. Presha ipimwe kila ziara. Hukaa mwilini muda mrefu sana, na ikilazimu kuiondoa haraka hutolewa kolestiramini gramu 8 mara tatu kwa siku kwa siku 11.

Kizuizi cha TNF, tosilizumabu au tofasitinibu

Hapa ndipo bei inapopanda na majibu ya maabara yanapowatisha watu bila sababu, au yanapowatuliza bila sababu.

Vizuizi vya TNF ni adalimumabu miligramu 40 kila wiki mbili, etanasepti 50 kila wiki, au infliksimabu ya dripu ya miligramu 3 kwa kilo wiki ya 0, 2 na 6 kisha kila wiki nane. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Insulini hufanya kazi vizuri zaidi uvimbe ukizimwa, ingawa uzito huongezeka kilo chache. Mwili wa mnene huitikia dawa hizi vibaya zaidi, kwa hiyo kupunguza uzito huongeza hata nguvu ya dawa. Mwenye moyo ulioshindwa kwa kiwango kikubwa asipewe. Kifua kikuu kilicholala kitafutwe kabla, na katika ukanda wetu hatua hiyo haina mbadala.

Tosilizumabu huzuia interlukini-6. LDL na trigliseridi hupanda ndani ya wiki chache, na mgonjwa anayeona karatasi yake hutaka kuacha. Jaribio la ENTRACTE lilijengwa kwa swali hilo: wagonjwa 3,080 wa rumatoidi wenye hatari ya moyo, nusu tosilizumabu, nusu etanasepti. Wiki ya nne LDL ilikuwa juu kwa asilimia 11 upande wa tosilizumabu, lakini mishtuko ya moyo na kiharusi haikutofautiana kwa maana, uwiano wa hatari ukiwa 1.05, yaani karibu sawa. Jibu sahihi kwa LDL hiyo ni kupima mafuta wiki ya nne hadi ya nane na kuanza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kama hatari ya jumla inaidai. Jambo moja la kukumbuka: CRP, kipimo cha uvimbe kwenye damu, huzimwa na dawa hii, hivyo maambukizi yanaweza kujificha nyuma ya CRP nzuri.

Tofasitinibu ni kidonge, miligramu 5 mara mbili kwa siku, na urahisi wake huwavutia wengi. LDL na HDL hupanda kwa pamoja, na uwiano wake hubaki karibu palepale. Ukitazama karatasi ya mafuta tu ungesema inafanana na tosilizumabu. Matokeo yalikuwa tofauti. ORAL Surveillance, lililochapishwa Januari 2022, lilifuatilia wagonjwa 4,362 wenye umri wa miaka 50 na zaidi wenye angalau hatari moja ya moyo: matukio makubwa ya moyo yalikuwa asilimia 3.4 kwa tofasitinibu na 2.5 kwa vizuizi vya TNF, saratani 4.2 kwa 2.9. Tangu 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka itumike baada ya kizuizi cha TNF kushindwa au kukataliwa na mwili. Kwa kijana asiyevuta sigara ni dawa nzuri. Kwa mzee wa miaka 66, mvutaji, mwenye presha, tungeiweka mwisho.

Rituksimabu yenyewe haigusi sukari. Kinachoigusa ni methiliprednisoloni miligramu 100 inayotangulia dripu, kwa siku moja au mbili. Abatasepti ya dripu ina mtego wa aina yake: imetengenezwa na maltozi, na baadhi ya vijiti vya kupimia sukari husoma maltozi kama glukosi. Siku ya dripu mashine inaweza kuonyesha 15 mtu akiwa na 7, na anayejichoma insulini kwa namba hiyo anajiweka hatarini. Uliza aina ya vijiti, au tuma damu maabara. Abatasepti ya sindano chini ya ngozi haina tatizo hilo.

Lupasi ya figo

Siklosporini hubana mishipa ya figo, hupandisha presha na LDL. Takrolimasi hupandisha mafuta kidogo kuliko siklosporini lakini huiumiza kongosho, na kisukari kipya ni madhara yake yanayojulikana. Mwenye ukoo wa kisukari, tungeelekea mikofenoleti, gramu 2 hadi 3 kwa siku, ambayo haibughudhi sukari wala presha. Mwanamke anayetaka mimba hawezi kubaki kwenye mikofenoleti. Aiache angalau wiki sita kabla na ahamie azathioprini. Metotreksati na leflunomaidi nazo hazifai kwake, hidroksiklorokwini iendelee, na kama yuko kwenye prednisoloni apimwe mapema kisukari cha ujauzito. Aliye kwenye siklosporini au takrolimasi aache balungi na juisi yake, maana hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Azathioprini haichanganywi na alopurinoli ya gauti bila dozi kukatwa sana.

Kwa udhaifu ulionao

Mwenye kisukari na rumatoidi: metotreksati mapema, hidroksiklorokwini ikiongezwa, prednisoloni fupi au isiwepo, na ikishindikana kizuizi cha TNF au tosilizumabu. Kama steroidi haiepukiki, mpango wa sukari uandikwe siku ileile ya kuandikiwa prednisoloni, wenye dozi za kupanda na za kushuka.

Mwenye presha isiyotii aepuke leflunomaidi na siklosporini. Mwenye ini lenye mafuta aanze na salfasalazini au hidroksiklorokwini kabla ya metotreksati, au apewe metotreksati kwa dozi ndogo na vipimo vya karibu. Mwenye LDL ya juu tangu awali hanyimwi tosilizumabu, ila aingie akiwa na statini. Hapo statini ichaguliwe vizuri: simvastatini hairuhusiwi kabisa pamoja na siklosporini, kwa sababu misuli inaweza kuvunjika na figo kuziba; pravastatini au fluvastatini ya dozi ndogo huvumilika zaidi. Maumivu ya misuli yakianza na mkojo ukiwa wa rangi ya chai, statini isimamishwe siku hiyo na kipimo cha kreatini kinasi kifanywe.

Kwa yeyote, siku ya kuanza dawa yachukuliwe: uzito, kiuno, presha, sukari ya kabla na baada ya kula, HbA1c, mafuta, ini, kreatinini, homa ya ini ya B, kifua kikuu na VVU. Presha na sukari ya mchana kila wiki kwa mwezi wa kwanza wa steroidi, mafuta tena baada ya wiki nne hadi nane kwa tosilizumabu na tofasitinibu, baada ya miezi mitatu kwa nyingine. Aliyewahi kutumia prednisoloni zaidi ya wiki tatu katika mwaka uliopita aseme hivyo kila anapolazwa au kufanyiwa upasuaji. Akiwa bado anaitumia na akapata homa kali, dozi kwa kawaida huongezwa mara mbili kwa siku za homa, na akitapika vidonge anahitaji haidrokotisoni ya sindano, miligramu 100, bila kungoja majibu ya maabara.